Nimerudishwa kundini, mbona kwaya hawanitaki? Wasomaji wanauliza, Mwinjilisti anajibu

Toleo lililopita niligusa kidogo tu habari ya kutengwa na kurudi kundini, basi simu ya ofisi haijapumzika tangu siku hiyo. Leo ukurasa wote ni huo huo. Majina nimeyatoa, na wale mlioandika matusi kwa wachungaji wenu nimeruka matusi nikachukua swali.

SWALI: Shikamoo Mwinjilisti. Mi ni binti wa miaka 24, Mlutheri, nipo huku Kilimanjaro. Nilikuwa naimba alto kwaya ya vijana nikapata ujauzito nje ya ndoa, wazee wakaniita, nikatengwa. Sikubisha maana kosa nililijua. Mtoto sasa anatembea. Mwaka huu nikaenda kwa mchungaji nikafundishwa, jumapili nikapita mbele nikaombewa nikashiriki chakula cha Bwana, nikalia sana siku hiyo. Kurudi kwaya mwenyekiti ananiambia kamati imekaa imeona nikae nje mwaka mzima kwanza ili watu wasahau. Kina mama nikipita wanakohoa. Alafu baba wa mtoto ni kijana wa mzee wa kanisa, hajawahi kuitwa hata siku moja na kinanda anapiga yeye pale mbele kila jumapili. Naomba ukweli, mi nimerudishwa au sijarudishwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umerudishwa. Nalisema kwanza hilo kabla sijazunguka popote, maana nimesoma meseji yako nikaona unaongea kama mtu anayesubiri kibali kingine kutoka kwa wakubwa wengine, na wakubwa hao hawapo. Usharika umekutenga kwa mamlaka yake, usharika huo huo umekurudisha kwa mamlaka yake, mezani umefika. Hamna meza nyingine juu ya ile.

Sasa hii ya kamati ya kwaya kukuongezea mwaka. Hebu tuangalie Korintho, maana kisa kama chako Paulo alishakutana nacho, tena chake kilikuwa kibaya kuliko chako mara mia. Kwenye barua ya kwanza sura ya 5 kuna mtu alikuwa anaishi na mke wa baba yake, na kanisa limenyamaza, tena wanajivuna. Paulo akawaka, akasema mtoeni. Watu wetu hiyo sura wanaijua kwa kichwa, kila baraza la wazee likikaa kumtenga mtu inasomwa hiyo. Inayosomwa mara chache ni barua ya pili sura ya 2, kuanzia mstari wa 5 mpaka wa 11. Pale Paulo anaongea habari za mtu aliyeadhibiwa na walio wengi, anasema basi, imemtosha, sasa msameheni, mfarijini, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi, na mthibitishieni upendo wenu. Kuna wasomi wanasema huyo wa barua ya pili sio yule yule wa ya kwanza, na mabishano hayo ni ya zamani kweli kweli, Tertullian, mwandishi wa Kikristo kule Afrika Kaskazini, alishayaanzisha karne ya tatu. Awe yule awe mwingine, kwangu haibadilishi kitu. Neno lenyewe ni kwamba adhabu ina mwisho, na mwisho wake unatamkwa na kanisa, watu wanausikia, sio kila mtu anajipangia wa kwake nyumbani.

Na angalia sababu anayotoa mwishoni, mstari wa 11, Shetani asije akatupata. Yani Paulo anaona kuchelewa kumrudisha mtu aliyetubu ni mlango wa Shetani sawasawa na kuifumbia macho dhambi. Sisi huo mlango wa pili tunaulinda usiku kucha, huu mwingine tumeuacha wazi.

Kamati ya kwaya ikikuongezea mwaka juu ya pale inafanya kama askari magereza ambaye mahakama imeshamwachia mtu, yeye anasema kaa kwanza mi sijaridhika. Sisemi kwaya haina taratibu. Wanaweza kukwambia uje mazoezini kwa wiki kadhaa ujifunze nyimbo mpya kabla ya kuvaa sare, hiyo ni haki yao na kila mtu aliyekaa nje hata kwa kuumwa anafanyiwa hivyo. Lakini "watu wasahau" sio taratibu ya kwaya, hiyo ni nidhamu, na nidhamu ni kazi ya mchungaji na baraza la wazee. Tena kuimba ni ibada. Mtu aliyeruhusiwa mwili na damu ya Bwana anazuiwaje wimbo? Wapi imeandikwa alto ni takatifu kuliko kikombe?

Ushauri wangu usigombane na mwenyekiti mazoezini mbele ya watu. Nenda kwa mchungaji, muulize kwa heshima kama kurudi kwako kumeandikwa kwenye muhtasari wa baraza na kwa tarehe. Ikiwa kumeandikwa, muombe awaambie kwaya yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Wachungaji wengi hawajui kinachoendelea huko kwenye kamati mpaka mtu aseme.

Kuhusu kijana wa kinanda. Hapa nitasema kitu ambacho najua kuna wazee watanipigia. Yohana 8 wanamleta mwanamke aliyefumaniwa, wanasema Musa katika torati. Haya, torati, Walawi 20:10, inasema wawili, mwanaume na mwanamke. Mwanaume yuko wapi? Amefumaniwa peke yake huyu mama? Yale mawe hayakuwa ya torati, yalikuwa ya watu walioshachagua nani apigwe. Na sisi mimba inaonekana kwa hiyo binti anatengwa, kijana haonekani kwa hiyo anaendelea na kinanda. Kama usharika unajua na umenyamaza kwa sababu ni mtoto wa mzee, basi nidhamu ya hapo imeshapoteza jina lake.

Kuna Askofu mmoja alionyesha inavyotakiwa kuwa. Ambrose wa Milan, mwaka 390. Kaisari Theodosius alikasirika kwa sababu kamanda wake aliuawa na watu wenye ghasia mji wa Thesalonike, akaagiza wanajeshi wakaua watu wa mji ule ovyo ovyo, mwandishi mmoja wa kale anasema walifika 7,000. Ambrose akamwandikia barua, ya heshima lakini imenyooka, akamwambia siwezi kuadhimisha sakramenti wewe ukiwepo. Ile hadithi ya kumzuia mlangoni kwa mikono ilikuja kunogeshwa baadaye, lakini barua ipo. Na Kaisari akatubu hadharani kanisani, bila mavazi yake ya kifalme, watu wanamwona, na baada ya miezi kadhaa akapokelewa mezani tena. Mtawala wa Roma nzima! Leo mtoto wa mzee wa kanisa anashindikana.

Lakini mwanangu usije ukaifanya toba ya huyo kijana kuwa ndo sharti la amani yako. Litaje kwa mchungaji mara moja, vizuri, alafu liache mikononi mwake. Na kumbe sijakuuliza, mtoto ameshabatizwa? Kama bado peleka jina, mtoto hana kesi yoyote na mtu.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mwinjilisti. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Kwenye ushirika wetu kuna ndugu anafundisha kwamba mtu akishaokoka akaanguka dhambi kubwa harudishwi tena, anatumia Waebrania 6. Mwingine anasema anarudishwa ila mara moja tu. Mimi binafsi nilirudi nyuma nikiwa mwaka wa kwanza na haya maneno yananitesa sana usiku. Historia ya kanisa inasemaje?

JIBU: Ameen. Kaa vizuri kijana, hili ni swali ninalolipenda na nitaliongea kirefu.

Hao ndugu zako hawajabuni kitu, hayo mabishano yote mawili yana umri wa zaidi ya miaka 1,800. Kitabu kinachoitwa Mchungaji wa Herma, cha karne ya pili huko Roma, kinaongelea nafasi moja ya toba baada ya ubatizo. Moja tu. Watu wakawa wanaogopa mpaka wengine wanaahirisha ubatizo hadi wakaribie kufa.

Alafu ikaja dhiki ya Kaisari Decius, mwaka 249 kuingia 250. Aliamuru watu wote wa dola watoe sadaka kwa miungu, na ukishatoa unapewa cheti. Vyeti vyenyewe vilivyoandikwa kwenye mafunjo vimechimbuliwa Misri, mtu ameandika kabisa nimetoa sadaka nimeonja nyama mbele yenu, naomba mnisainie. Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka kweli, wengine walihonga tu wakapata cheti bila kutoa, si unajua watu. Wengine walikataa wakafungwa na kuteswa.

Dhiki ikapoa, hao walioanguka wakarudi wanagonga mlango wa kanisa wanalia. Kazi ikaanza. Pale Karthago, ni Tunisia ya leo, askofu alikuwa Cyprian. Kulikuwa na makundi ya kutosha kumuumiza kichwa. Wale waliokuwa magerezani kwa ajili ya imani waliheshimiwa sana, wakaanza kutoa barua za kuwaombea walioanguka wapokelewe, na barua nyingine ziliandikwa jumla jumla tu, apokelewe fulani na watu wake, Cyprian akalalamika hao watu wake ni kina nani, ishirini, thelathini? Upande mwingine kule Roma kuna kasisi msomi anaitwa Novatian yeye akasema hapana, walioikana imani kanisa halina uwezo wa kuwarudisha, wakalie toba yao mpaka kufa na Mungu ajue mwenyewe. Akajitenga, akaanzisha kanisa lake la watu safi.

Cyprian na maaskofu wenzake wakakutana mwaka 251. Wakapita katikati. Wenye vyeti vya kuhonga wakaangaliwa mmoja mmoja wapokelewe, waliotoa sadaka kweli wabaki kwenye toba, wakikaribia kufa wapewe amani, yani wapokelewe. Mpaka hapo utaona ni wakali. Lakini muda si mrefu fununu za dhiki nyingine zikaanza, wakakaa tena, na safari hii wakaamua wote walioko kwenye toba ya kweli wapokelewe sasa hivi. Sababu waliyotoa mi hunisimamisha kila nikiisoma: tutawaambiaje watu hawa wamwage damu yao kwa ajili ya Kristo wakati sisi tunawanyima kikombe cha damu yake? Yani walimrudisha mtu mezani ili apate nguvu, hawakusubiri awe na nguvu ndo wamrudishe. Cyprian mwenyewe akakatwa kichwa mwaka 258 kwa imani hiyo hiyo, kwa hiyo usije ukamuona ni mtu wa mteremko.

Baadaye Mtaguso wa Nikea mwaka 325, ule ule wa Imani ya Nikea tunayoikiri, ulipanga ngazi kwa walioanguka bila kulazimishwa siku za Licinius, Kaisari aliyewasumbua Wakristo: miaka mitatu wawe wasikilizaji, saba wakipiga magoti pamoja na watubuo, miwili wakisali na waumini bila kushiriki meza. Piga hesabu ni miaka 12. Unaona mirefu. Lakini soma na kanuni zinazofuata hapo hapo, ya 12, iliyowahusu askari walioanguka, inampa askofu ruhusa ya kumpunguzia mtu ambaye toba yake inaonekana kwa matendo na machozi, na ya 13 inasema anayekaribia kufa asinyimwe chakula cha safari, yani meza ya Bwana ya mwisho. Hata kanisa lililokuwa kali kiasi hicho lilikuwa limeshaweka mlango na funguo za mlango. Wafuasi wa Novatian wao walipotaka kurudi waliambiwa waandike kabisa kwamba watashirikiana na walioanguka waliotubu.

Na sisi Walutheri jambo hili halikuachwa hewani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, hati ya imani yetu, ibara ya 12, linasema walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kupata msamaha wakati wowote wanaporudi, na kanisa linapaswa kuwapa ondoleo. Wakati wowote. Alafu linawataja wafuasi wa Novatian kwa jina na kuwakataa. Huyo ndugu yako anayefundisha hapo ushirikani pengine hajui anahubiri mahubiri ya nani.

Waebrania 6 ni andiko gumu, silifanyi jepesi. Linaongelea watu wanaomsulubisha Mwana wa Mungu mara ya pili kwa nafsi zao na kumfedhehesha kwa dhahiri, watu waliogeuza mgongo na hawautaki msalaba tena. Ni onyo kwa anayeondoka, liliandikwa ili asiondoke. Ukilichukua ukampiga nalo anayerudi umelitumia upande ambao halikukusudiwa. Mtu anayekosa usingizi kwa kumtaka Mungu hajageuza mgongo bana.

Petro alikana mara tatu, tena kwa kujilaani na kuapa. Yohana anaandika pale uani kulikuwa na moto wa makaa watu wanaota, 18:18. Sura ya 21, ufukweni, tena moto wa makaa, samaki juu yake. Akaulizwa mara tatu. Na baada ya kila jibu anapewa kazi, lisha, chunga, lisha. Kwa hiyo nikutakie usingizi mwema, na huo ushirika kama hawana lingine la kufundisha tafuta mwingine, chuo ni kikubwa.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, sitasema wapi. Mtunza hazina wetu alikula pesa ya mabati, milioni nne na kitu. Alipobanwa akakiri, akalia mbele ya baraza, tukamweka chini ya nidhamu, sasa muda umeisha amerudi mezani vizuri tu. Lakini ameandika barua anataka nafasi yake ya hazina, anasema kama mmenisamehe kweli nirudishieni funguo. Baraza limegawanyika katikati.

JIBU: Msimpe funguo.

Msamaha na cheo ni vitu viwili, na nashangaa jinsi watu wazima tunavyovichanganya. Mezani amerudi kwa neema, hamna anayestahili pale, wala wewe mzee wala mimi. Kazi ya hazina inataka uaminifu ulioonekana na watu, hata walio nje, Paulo ameyaandika hayo kwa Timotheo, ya kwanza sura ya 3. Uaminifu unajengwa polepole na kwa upande wa pesa mara nyingi haujengeki tena, na hilo sio chuki.

Alafu sijasikia kwenye barua yako habari ya kulipa. Zakayo kabla hata hajaulizwa alisema nitarudisha mara nne. Mi sisemi mara nne, lakini mabati ni ya washarika, kuna mjane alitoa pale elfu mbili yake. Kaeni nae mpange alipe kidogo kidogo kwa maandishi na risiti. Na kama hana kabisa, kuna mtu kati yenu anaweza kufanya kama Paulo kwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni, pale Paulo alipomwandikia Filemoni kama amekudhulumu kitu kiandike juu yangu. Hiyo naijua imefanyika mahali, wazee walichanga.

Mpeni kazi nyingine isiyo na pesa. Na barua ya "kama mmenisamehe kweli" mjibuni kwa upole lakini mkae macho, mtu aliyevunjika hadai.

SWALI: Mwinjilisti, nipo Kagera. Bibi yangu ni wa uamsho, wale ndugu wa zamani, yeye anasema toba bila kutamka dhambi mbele ya watu wote ni bure. Mimi kosa langu linamhusu mtu mwingine mwenye ndoa yake. Nikisema hadharani nitabomoa nyumba ya watu. Nifanyeje?

JIBU: Msalimie bibi sana. Uamsho wa Afrika Mashariki ulitoka huko jirani yenu, mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe Kampala wakaomba pamoja, miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini kule Rwanda ukasambaa Uganda, Kenya na kwenu Kagera. Watu walikuwa wanasimama wanatubu waziwazi, wanarudisha vitu walivyoiba, wazungu na waafrika wanaombana msamaha, kitu ambacho kwenye ukoloni hakikuwepo. Bibi aliona mambo makubwa, usimdharau.

Ila tamko la dhambi liwe na upana wa jeraha lenyewe. Aliyeiba mbele ya watu aseme mbele ya watu. Ya siri, Mathayo 18 inaanza wewe na yeye mkiwa peke yenu, ndo inapanda ngazi. Nenda kwa mchungaji wako, ungama kwake, upokee ondoleo kwa sauti. Watu wanafikiri kuungama kwa faragha ni kwa Wakatoliki tu, wakati Luther hakukufuta, Ungamo la Augsburg ibara ya 11 linasema kubaki kanisani, na haitakiwi hata kuhesabu kila dhambi moja moja. Mahusiano hayo uyakate kabisa, na namba ya simu uifute. Jina la huyo mtu usilitaje popote, sio jina lako la kutangaza.

SWALI: Jumuiya yetu kuna kaka alikuwa mwalimu wa watoto, alimfanyia mtoto kitu kibaya. Ametubu kanisani mbele ya wote. Sasa viongozi wanaishawishi familia ya mtoto isiende polisi kwa kuwa ameshasamehewa, na wanataka arudi kwenye ibada. Mimi roho inaniuma.

JIBU: Roho yako iko sahihi. Leo hii, sio baada ya kikao: mtoto apelekwe hospitali, na taarifa ifike polisi, kuna dawati la jinsia na watoto, au piga 116, ni bure. Toba haifuti kosa la jinai, na kiongozi anayeizuia familia anaficha uhalifu, aitwe jina lolote la kiroho. Warumi 13 mamlaka haikuwekwa kwa ajili ya wapagani peke yao. Kama toba yake ni ya kweli atakwenda kituoni mwenyewe, hicho ndo kipimo ninachokijua.

Je, mtu kama huyo Kristo anampokea? Ndiyo. Mchungaji anaweza kumfuata hata gerezani akampa chakula cha Bwana huko huko. Lakini watoto hatawakaribia tena maisha yake yote, wala hapaswi kukaa ibada moja na yule mtoto aliyemuumiza. Mtoto ndo ana haki ya kwanza ya kiti kanisani. Hapo sina la kujadiliana na mtu.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, nasoma gazeti lenu hivyo hivyo. Niliacha kukomunika miaka mingi, naishi na mwenzangu bila ndoa ya kanisani, wote hatukuwahi kufunga ndoa na mtu mwingine. Naona aibu kuanza upya, Padri atanigombeza.

JIBU: Milele amina. Mi sio wa kwenu lakini jirani yangu ni katekista na nimemuuliza kabla ya kuandika hapa. Hali yenu anasema ni nyepesi kuliko unavyofikiri maana hamna kizuizi cha ndoa ya nyuma. Nendeni wawili kwa paroko nje ya muda wa misa, mwambieni tunataka kufunga ndoa, mtapewa mafundisho, mtaungama, mtafunga ndoa hata misa ya asubuhi na mashahidi wawili bila ukumbi wala kamati ya harusi. Michango ndo inawafanya watu wakae miaka bila kukomunika, wanasubiri shela. Utakachoungama hakitoki, sheria ya kanisa lenu kanuni ya 983 inasema siri ya kitubio haivunjwi. Na kugombezwa, labda dakika mbili. Utavumilia.

SWALI: Fupi tu baba. Kuna ndugu anarudishwa jumapili hii kwetu. Tulikuwa marafiki, alipotengwa nilikata mawasiliano. Nikikutana nae nje ya kanisa nimwambie nini?

JIBU: Msalimie kama zamani. Kama mlikuwa mnaitana jina la utani muite hilo hilo. Usimuulize habari ya kutengwa, usimwambie "karibu tena" kwa ile sauti ya msibani, na usimwambie ulikuwa unamuombea kama ulikuwa humuombei. Ukipenda kumuomba radhi kwa kumkatia simu muombe mkiwa wawili, maana 2 Wathesalonike 3:15 inasema hata aliye kwenye nidhamu msimhesabu adui bali mwonyeni kama ndugu. Siku ya ibada kaa benchi lake, ikifika chakula cha Bwana inukeni pamoja. Mrudisheni kwenye grupu la wasap la jumuiya siku hiyo hiyo, hili watu wanasahau alafu mwenzenu anakosa taarifa za misiba mnasema hashiriki. Na michango ya jumuiya ya miezi aliyokuwa nje, mwambie katibu asiitaje.